Nguruwe Hana Hatia

Binadamu amezoea kumtafuta mkosaji mbali na mlango wake. Mavuno yakipungua, humshuku jirani, mtoto akiugua, humshuku mke mwenza au shangazi, na akiambiwa kwamba yuko mnyoo anayehusiana na nguruwe, ambaye aweza kumletea mtu kifafa, humgeukia nguruwe na kusema, "Si tulijua? Mnyama yule ni mchafu tangu kuumbwa." Akiisha kusema hivyo huona kwamba shauri limekwisha, akaenda zake na moyo mtulivu.

Nimekusudia katika insha hii kumtetea nguruwe. Simtetei ili nimvute mtu ale nyama ambayo dini yake imemkataza, maana kila mtu ana haki ya kushika miiko yake. Namtetea kwa sababu amehukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu hiyo imempa mkosaji wa kweli nafasi ya kutembea huru. Mkosaji huyo si wa mbali. Hula mezani petu, huketi darasani mwetu, na pengine ndiye anayesoma ukurasa huu.

Tuanze kwa kumjua mnyoo mwenyewe. Huitwa tegu wa nguruwe. Ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe, na mwili wake umegawanyika pingili nyingi kama muwa. Kichwa chake ni kidogo mno, lakini kina vifyonzio vinne na kulabu nyingi ndogo, na kwa hivyo hujishikiza katika utumbo wa mtu asiondoke. Aghalabu hufika urefu wa mita 2 hata 4, na aweza kuishi humo miaka kadhaa. Hana kinywa wala tumbo. Hukaa katikati ya chakula chetu akakisharabu kwa ngozi yake. Aliye naye mara nyingi hasikii maumivu yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hana habari kwamba yeye ni mwenyeji wa mgeni huyo.

Sasa tuangalie vizuri, maana hapa ndipo kesi ya nguruwe inapogeuka. Tegu huyu akiwa mzima haishi tumboni mwa nguruwe hata siku moja. Makao yake ni utumbo wa mwanadamu. Pingili zake za mwisho zikiisha kujaa mayai hukatika, zikatoka pamoja na kinyesi cha mtu, na pingili moja yaweza kuchukua mayai makumi ya maelfu. Mtu akijisaidia kichakani, mayai hayo hubaki juu ya ardhi. Nguruwe azururaye akitafuta riziki hukila kinyesi kile. Mayai huanguliwa ndani yake, na watoto wa tegu hupenya ukuta wa utumbo wakachukuliwa na damu mpaka katika nyama na ulimi. Huko kila mmoja hufanya kifuko cheupe chenye maji, kiasi cha punje ya kunde. Mtu akiila nyama ile kabla haijaiva, kichwa cha tegu hujitokeza katika kifuko, kikajishikiza utumboni, na mnyoo mpya huanza kurefuka.

Mambo haya yalithibitishwa zamani. Aristotle, mwanachuoni wa Uyunani ya kale, alikwisha kuandika juu ya vifuko vinavyoonekana katika nyama na ulimi wa nguruwe. Mwaka 1855 daktari wa Kijerumani aitwaye Friedrich Küchenmeister alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kufa chakula kilichotiwa vifuko hivyo. Mfungwa alipokwisha kuuawa, daktari alimpasua akakuta tegu wachanga wameshikamana na utumbo wake. Jaribio hilo lilikuwa la kikatili, wala hapana daktari ambaye angeruhusiwa kulifanya leo. Lakini lilijibu swali. Nguruwe hakuumba tegu. Alipokea mayai kutoka kwa mtu, akamrudishia mtu kilichokuwa chake.

Kama habari ingeishia hapo, tungeweza kusema kwamba ni adhabu ndogo. Tegu wa tumboni huondolewa kwa dawa. Lakini kuna njia ya pili, na hiyo ndiyo msiba. Mayai yale yale yanayomdhuru nguruwe yaweza kumdhuru mtu vile vile. Mtu mwenye tegu akienda haja, asinawe kwa sabuni, kisha akakanda unga, akakata mboga au akamlisha mtoto, aweza kumpa mwenzake mayai bila kujua. Aweza hata kujipa mwenyewe. Mayai yakiisha kumezwa, mwili wa mtu hugeuka kuwa kama mwili wa nguruwe: watoto wa tegu huingia katika damu, wakafanya vifuko vyao katika misuli, katika jicho na katika ubongo. Vifuko vya ubongoni vyaweza kukaa kimya kwa miaka. Siku moja mtu, ambaye jana alikuwa mzima, huanguka chini akitetemeka, macho yamegeuka na povu likimtoka kinywani. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika sehemu nyingi ambako watu huishi pamoja na nguruwe wazururao, asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa sababu ya tegu huyu.

Hapa Kenya wataalamu wamevikuta vifuko vya tegu katika nguruwe wa Busia na wa Homa Bay, na sehemu hizo si jangwa. Ni nchi ya watu wengi, mashule mengi na masoko mengi. Lakini ili mtu asidhani kwamba tegu ana chuki na kabila moja au nchi moja, nitatoa mifano miwili ya mbali.

Mfano wa kwanza ni wa nyanda za juu za Papua, upande wa kisiwa cha New Guinea unaotawaliwa na Indonesia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa nchi hiyo, karibu na mji wa Enarotali, walianza kufika hospitalini wakiwa wameungua vibaya. Usiku wa huko ni wa baridi, na watu hulala wakiuzunguka moto. Walikuwa wakishikwa na kifafa usingizini wakaangukia motoni. Waganga walipochunguza, walikuta vifuko vya tegu. Ugonjwa huo haukuwako huko hapo kwanza. Ulifika pamoja na nguruwe walioletwa kutoka Bali, ukaenea upesi kwa sababu watu hawakuwa na vyoo na nguruwe walikuwa wakizunguka huru.

Mfano wa pili ni wa New York, mji mkubwa wa Marekani wenye maji ya mfereji na vyoo vya kuvuta. Mwaka 1992 madaktari walitangaza habari za wagonjwa wanne wenye vifuko vya tegu ubongoni. Wagonjwa hao walikuwa Wayahudi washika dini, watu ambao hawagusi kabisa nyama ya nguruwe. Wamepataje ugonjwa wa nguruwe? Uchunguzi uliwaelekea watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye tegu, ambao walikuwa wakipika chakula cha nyumba hizo. Sisemi hivi ili tuwalaumu watumishi hao. Mwenye tegu naye ni mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Nasema hivi kwa ajili ya wale walio wepesi kusema, "Mimi sili nguruwe, kwa hiyo neno hili halinihusu." Linakuhusu. Alaye nyama mbichi ya nguruwe hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni huja kwa kumeza mayai yatokayo katika kinyesi cha mwanadamu. Muislamu, Msabato, Myahudi na asiyekula nyama kabisa, wote hula ugali na sukuma wiki, na wote hushikana mikono.

Yafaa sasa niseme jambo langu mwenyewe, ijapokuwa silisemi kwa fahari. Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Asubuhi moja, katikati ya somo, alianguka kati ya madawati. Wenzake walikimbilia mlangoni wakipiga kelele, "Msimguse! Povu lile huambukiza!" Katika chuo cha ualimu nilikuwa nimefundishwa kupanga somo, kuuliza maswali na kutumia ubao, sikuwa nimefundishwa la kufanya mtoto akianguka. Nilisimama na chaki mkononi. Alipozinduka, badala ya kumfariji, niliamuru dawati lake lisogezwe peke yake karibu na mlango. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa usalama wake. Kweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Wanafunzi waliliona dawati lile, wakaelewa zaidi ya maneno yangu. Kabla ya muhula kwisha kijana yule hakuonekana tena. Nilisikia kwamba wazazi wake walikuwa wakimpeleka kwa waganga, huyu akisema amerogwa na yule akidai kwamba mizimu imekasirika.

Hata leo sijui kifafa chake kilitokana na nini. Pengine hakikuwa cha tegu, kwa kuwa kifafa huletwa na mambo mengi: jeraha la kichwa, taabu wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, na mengineyo. Lakini najua kwamba hakurogwa, na najua kwamba povu lake lisingemdhuru mtu. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Nilipaswa kuondoa vitu vigumu karibu naye, kumlaza kwa ubavu, kuweka kitu laini chini ya kichwa chake na kungoja. Nilipaswa kuwazuia wenzake wasimtie kijiko wala kitu kingine chochote kinywani, na kama mtetemeko ungezidi dakika 5, kumpeleka hospitalini. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watu 7 katika kila 10 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zifaazo. Pengine kijana yule angekuwa mmoja wa hao 7. Tulimnyima nafasi ya kujua, nami nilikuwa wa kwanza kumnyima.

Nirudi kwa wale wanaopinga. Wako wasemao kwamba nguruwe ni mchafu kwa asili, na dawa ni kumtokomeza. Nawauliza: nguruwe aliyefungiwa bandani, akapewa mabaki ya chakula, majani na maji safi, atampata wapi tegu? Hampati. Nguruwe hula kinyesi kwa sababu sisi tumemwandikia hapo mezani. Ng'ombe naye ana tegu wake, ambaye pia hukua tumboni mwa mtu na kumrudia ng'ombe kwa njia ya malisho yaliyochafuliwa. Mbona hatusemi kwamba ng'ombe ni mchafu kwa asili? Nyani haoni kundule.

Wako wasemao, "Sisi ni maskini. Nguruwe ndiye alipaye karo ya watoto wetu, nasi hatuna chakula cha kumpa bandani wala fedha za kujenga choo." Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ni ya kweli katika nyumba nyingi. Lakini choo cha shimo huchimbwa kwa jembe na sururu, na kuta zake huweza kuwa za fito na udongo. Penye mwamba au penye maji ya karibu kazi ni ngumu, na hapo majirani hawana budi kusaidiana kama wasaidianavyo katika mazishi. Nimeona boma lenye simu tatu na redio kubwa, lisilo na choo. Nimeona pia choo kisicho na mlango, nguruwe akiingia na kutoka apendavyo. Choo cha namna hiyo ni bakuli la nguruwe. Tusiuite umaskini kila kitu ambacho hatukupenda kukifanya. Na yule ambaye kweli hana chakula cha nguruwe watano, na afuge wawili aliowafungia. Nguruwe mmoja mwenye vifuko akigunduliwa sokoni huipoteza karo yote.

Nikitaja soko namkumbuka mnunuzi wa nguruwe. Mnunuzi mjuzi humkagua mnyama ulimi kabla ya kumlipia. Akiona vifuko, humkataa. Neno hili ni jema, lakini swali langu ni hili: nguruwe aliyekataliwa huenda wapi? Aghalabu haendi kuzikwa. Huchinjwa usiku nyuma ya nyumba, nyama ikauzwa kwa bei nafuu kwa watu wasiouliza maswali. Sheria ya kukagua nyama tunayo, ndiyo Sura ya 356 ya sheria za Kenya. Lakini sheria haiwezi kutembea kijijini kwa miguu yake. Hutaka mkaguzi aliyeajiriwa, mwenye chombo cha kumfikisha huko na mwenye moyo usionunuliwa kwa kilo mbili za nyama. Serikali ya kaunti isiyotuma mkaguzi na kisha ikatoza ushuru wa soko, inakula jasho la mkulima bila kumlinda. Na yule auzaye nyama akiwa amejua ilivyo, anauza kifafa kwa mizani.

Wako wengine wanaotegemea vidonge. Husema, "Watoto wetu hupewa dawa ya minyoo shuleni." Ni kweli kwamba mpango wa kitaifa wa kutoa dawa hizo ulianza mwaka 2009, nao umewafaa mamilioni ya watoto. Lakini dawa ile imekusudiwa hasa kwa minyoo mingine, ile ya mviringo iliyo mingi zaidi. Haifiki kwa baba aliye shambani wala kwa nguruwe aliye kichakani. Tena tegu ana dawa zake, na yafaa zitolewe na mganga wa hospitali, kwa kuwa mtu mwenye vifuko ubongoni aweza kuzidiwa akizimeza ovyo.

Je, kazi hii yawezekana? Mwaka 1993 kamati ya kimataifa ya wataalamu ilimweka tegu wa nguruwe miongoni mwa maradhi machache yanayoweza kufutwa kabisa duniani. Na mwaka 2016 zilitangazwa habari za vijiji 107 katika jimbo la Tumbes, kaskazini mwa nchi ya Peru. Huko waliwapa watu dawa ya tegu, wakawatibu nguruwe, wakawachanja pia. Mwishoni maambukizi yalikuwa yamekatika katika vijiji 105. Watu wa Tumbes si matajiri. Ni wakulima na wafugaji kama sisi. Walifaulu kwa kuwa hawakumtibu mtu wakamwacha nguruwe, wala hawakumtibu nguruwe wakamwacha mtu. Waliwatazama wote wawili kama wagonjwa wa nyumba moja. Nasi tukifanya hivyo, kisha tukachimba vyoo na kufunga nguruwe ili mlango usifunguke tena, nini kitatuzuia?

Enyi wanafunzi, haya sikuwaandikia ili myajibu katika mtihani na kuyasahau. Ninyi mwaweza kufanya mambo ambayo wazee wenu wanaona aibu kuyataja. Likizo ikifika, tazameni nyumbani kama kuna choo, na kama kuna mlango. Kama hakuna, shikeni jembe kabla ya kushika maneno. Naweni kwa sabuni, na wafundisheni wadogo zenu. Nyama isiyokaguliwa isiingie jikoni, na iliyokaguliwa ipikwe mpaka isibaki nyekundu ndani. Aonaye vipande vyeupe bapa katika kinyesi chake asifiche, bali aende hospitalini. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na mwenzenu akianguka darasani, msikimbilie mlangoni. Kaeni naye mpaka azinduke, na dawati lake lisisogezwe hata hatua moja.

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tegu yuko ndani zaidi ya nguo. Tumfungue nguruwe kifungo cha lawama, tumfungie bandani kwa ajili ya usalama wake na wetu, kisha tuchimbe choo.